Reli ya Elizabeth, kutoka Heathrow hadi Woolwich: maoni ya abiria wa kila siku

Mimi ni msafisha vyumba katika hoteli moja ya Bath Road, barabara ndefu inayopita kaskazini mwa uwanja wa ndege wa Heathrow. Makazi yangu yako upande wa pili kabisa wa London, kusini mashariki, ng'ambo ya mto Thames. Kwa hiyo siku za kazi ninaukata mji mzima mara mbili, asubuhi na jioni. Reli ya Elizabeth, inayoukata mji wa London kutoka magharibi hadi mashariki, nimeipanda tangu wiki ilipofunguliwa, Mei 2022, na ninayoyaeleza hapa ni ya mtu aliyeizoea, anayejua inapomsaidia na inapomwacha.

Kwanza nieleze tulikotoka. Nilipokuwa nikiishi Woolwich, safari ya kazini ilianza na DLR, treni nyepesi za mashariki mwa mji, kutoka Woolwich Arsenal hadi Canning Town. Pale nabadilisha, napanda treni ya chini ya ardhi ya Jubilee hadi Green Park. Green Park kuna ukumbi mrefu wa chini kwa chini, unatembea mpaka unajiuliza kama umepotea, kisha unaingia treni nyingine ya chini ya ardhi, Piccadilly. Hiyo inakwenda ikisimama, Knightsbridge, Earl's Court, Hammersmith, mpaka Hatton Cross, halafu basi. Treni tatu na basi moja kabla sijashika shuka la kwanza. Kiangazi mabehewa ya Piccadilly yanachemka, kwa sababu treni zile za zamani hazina kiyoyozi. Nilikuwa nafika kazini nimeshachoka, nikitoka kazini nachoka upya. Kwa miaka mingi nilidhani ndivyo maisha ya mtu wa Woolwich yalivyo.

Sasa naingia treni moja. Nakaa. Inapita chini ya mto Thames, inachomoza juu Custom House, inashuka tena Canary Wharf, Whitechapel, Liverpool Street, Farringdon, Tottenham Court Road, Bond Street, Paddington, kisha inatoka kwenye handaki na kuingia njia kuu ya magharibi, Ealing, Southall, mpaka Hayes & Harlington, ambako mimi huteremka. Treni ile ile, kiti kile kile. Mwanzoni haikuwa hivyo. Miezi ya kwanza reli ilikuwa vipande vitatu: ukitoka mashariki unashuka Paddington chini, unapanda juu kwenye stesheni kubwa, unatafuta treni nyingine ya kwenda Heathrow. Vipande viliunganishwa tarehe 6 Novemba 2022, na siku hiyo ndiyo mimi naihesabu kuwa siku ya ufunguzi.

Treni zenyewe ni nzuri, na sisemi hivyo kwa kuwa nimetoka kwenye shida. Kila moja ina mabehewa tisa yaliyoungana bila milango katikati, mita 205 kutoka kichwa hadi mkia, na inachukua abiria wapatao 1,500. Kuna hewa baridi. Ndani ya handaki treni haipigi kelele ile ya chuma kusuguana inayokufanya uzibe masikio. Katika stesheni za chini kuna ukuta wa kioo baina ya jukwaa na reli, wenye milango inayofunguka sambamba na milango ya treni. Mwenye mtoto mdogo anaweza kumwachia mkono. Wenzangu kazini wanasifu mwendo, na mwendo kweli upo: Paddington hadi Canary Wharf, mtaa wa mabenki, ni dakika 17. Mimi lakini kitu kilichonifanya niipende reli hii si mwendo. Ni sakafu.

Mama yangu alikuja kunitembelea mara ya kwanza mwaka 2019. Magoti yake yana maradhi, kupanda ngazi kwake ni adhabu, na alikuwa na masanduku mawili. Niliiangalia ramani ya treni, nikafikiria Green Park, nikafikiria watu wa saa za kazi wanavyosukumana, nikaita teksi. Fedha iliyotoka siku ile ilikuwa mshahara wangu wa siku nzima na zaidi. Mama alipojua bei alikasirika, akanyamaza njia nzima, na alipofungua mdomo alisema tu, "Mwanangu, mbona hukuniambia nikae huko huko?"

Aliporudi Septemba 2023 nilimpokea Terminali 4. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu, teksi leo hatupandi." Nikamwambia hatupandi. Nilikuwa nimemletea kadi ya nauli, Oyster, iliyokwisha kutiwa fedha, kwa sababu kila msafiri lazima awe na kadi yake; kadi moja haivushi watu wawili kwenye geti. Kutoka ukumbi wa kupokea wageni tulitembea kwenye sakafu sawa, tukaingia lifti, lifti ikatushusha hadi jukwaani, na treni ilipofika mlango wake ulikuwa sawa na jukwaa. Sandali ya mama haikuinuka hata kidogo. Akasimama mlangoni akiangalia chini, akitafuta pengo la kuvuka. Nikamsukuma taratibu kwa sababu milango ilikuwa inalia.

Tulikaa kama saa moja hivi. Mama alilala baada ya Southall, akaamka Liverpool Street watu walipoingia kwa wingi. Woolwich tukatoka, jukwaa sawa na treni, tukaingia lifti, tukafika juu. Alipoona mwanga wa jua na bustani iliyo mbele ya stesheni alisimama, akageuka nyuma, akauliza, "Ngazi ziko wapi?" Nikamwambia zipo, za umeme, kwa wanaozitaka. Akasema kwa sauti ndogo, kama anayeongea na nafsi yake, kwamba aliyejenga hapa alimkumbuka mama yake. Sijasikia sifa ya jengo inayozidi hiyo.

Kuanzia Paddington hadi Woolwich, na katika stesheni za Heathrow, ndivyo ilivyo: unatoka barabarani mpaka ndani ya treni bila kuinua mguu. Stesheni zote 41 za reli hii zina njia isiyo na ngazi mpaka jukwaani. Huko nje, kwenye stesheni nyingi za zamani zilizojengwa enzi za treni za makaa, jukwaa liko chini kidogo ya sakafu ya treni, na hapo mhudumu huleta ubao wa kuteremkia. Huhitaji kuomba siku moja kabla. Unamwambia mhudumu pale pale. Farringdon na Liverpool Street wameweka hata lifti zinazopanda mshazari, sambamba na ngazi za umeme, mahali ambapo lifti ya wima isingepata nafasi. Ukimleta mtu mwenye kiti cha magurudumu, au mzazi mwenye magoti, usihangaike na chombo kingine chochote kutoka Heathrow. Panda hii.

Sasa nauli, kwa sababu mtu akisoma sifa hizi ataenda kugusa kadi yake kwa furaha halafu ashtuke. Mwaka 2025 kutoka Heathrow hadi kanda ya 1, yaani katikati ya mji, reli ya Elizabeth ilikuwa pauni 13.90. Piccadilly, kutoka uwanja ule ule hadi katikati ile ile, ilikuwa pauni 5.80. Ni zaidi ya mara mbili. Heathrow Express, inayokwenda Paddington kwa robo saa bila kusimama, iko juu zaidi ya zote mbili kwa anayelipa siku ya safari.

Wengi hudhani tofauti hiyo ni bei ya mwendo na viti. Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye umiliki. Reli inayochepuka kutoka njia kuu ya magharibi na kuingia chini ya uwanja ilijengwa na wenye uwanja kwa ajili ya Heathrow Express, iliyoanza mwaka 1998, na hadi leo kipande hicho si mali ya mtandao wa reli wa taifa. Anayepitisha treni pale hulipa. Kulikuwa na mvutano juu ya kiasi gani kilipwe: wenye uwanja walitaka kurudishiwa pia gharama za zamani za ujenzi, msimamizi wa reli akakataa, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikawa upande wa msimamizi. Uamuzi ungekwenda upande mwingine nadhani tungekuwa tunazungumzia nauli nyingine kabisa. Hata hivyo pengo baina ya pauni 13.90 na 5.80 ni kubwa mno kwa mtu anayekwenda uwanjani si kupanda ndege bali kufagia, kupika, kubeba mizigo na kulinda milango. Heathrow ni mahali pa kazi pa maelfu ya watu kama mimi. Nauli imepangwa kwa kumfikiria mwenye tiketi ya ndege.

Ndiyo maana nateremka Hayes & Harlington. Stesheni hiyo iko kanda ya 5, kabla treni haijachepuka kuingia uwanjani, na nauli yake ni ya kawaida. Nje ya stesheni kuna mabasi ya kwenda Heathrow: SL9, ambalo halisimami sana, na 278, linalopitia Harlington na Bath Road. Basi la London mwaka 2025 lilikuwa pauni 1.75, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena. Mgeni mwenye begi dogo na muda wa kutosha anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kurudi nyuma: apande basi kituo cha mabasi cha Heathrow Central, kilicho Terminali 2 na 3, ateremke Hayes, aingie treni. Ataongeza nusu saa hivi, zaidi wakati wa msongamano. Mama sikumpitisha huko, na mwenye masanduku mawili simshauri. Mwenye mkoba wa mgongoni tu, afikirie.

Kosa jingine ninaloliona kwa wageni karibu kila wiki ni terminali. Treni za Elizabeth hazimalizii mahali pamoja. Nyingine huishia Terminali 4, nyingine Terminali 5, na zote hupita Terminali 2 na 3. Ukijikuta umepanda ya mkono usio wako, usiwe na hofu: teremka Terminali 2 na 3 usubiri nyingine, kwa maana kusafiri kwa treni baina ya terminali za Heathrow ni bure ukifuata utaratibu wa kadi. Lakini dakika zinakwenda, na ndege haisubiri. Kwa upande wa mashariki treni hugawanyika Whitechapel, mkono mmoja unakwenda Shenfield na mwingine Abbey Wood. Soma kibao kabla hujaingia, kisha kisome tena ndani. Whitechapel yenyewe ni stesheni ya ajabu. Reli inayoitwa ya juu, Overground, hupita chini ya ile inayoitwa ya chini ya ardhi.

Kuna mambo ambayo wasanifu wangeyafikiria zaidi. Treni hizi hazina choo. Kwa safari fupi haina neno, lakini Reading hadi Abbey Wood ni safari ndefu, na wapo wazee, wapo wajawazito, wapo wenye sukari. Tarehe 7 Desemba 2023 nyaya za umeme ziliharibika magharibi mwa Paddington na treni zikakwama gizani kwa saa kadhaa na watu ndani yake. Siku kama hiyo ndiyo inayokuonyesha choo ni nini. Vilevile hakuna rafu za mizigo. Reli inayohudumia uwanja wa ndege mkubwa kuliko yote Uingereza ingestahili mahali pa kuweka sanduku, badala ya kila mtu kulibana baina ya magoti huku wengine wakiruka juu yake. Mimi na mama tuliyaegesha masanduku yetu kwenye nafasi ya viti vya magurudumu, nikiwa tayari kuyaondoa kila mlango ulipofunguka.

Na usiku haifanyi kazi. Mimi naanza saa mbili asubuhi, sina shida. Wenzangu wa jikoni wanaoandaa kifungua kinywa huanza kabla ya mapambazuko, na kwao reli ya Elizabeth ni kama haijajengwa. Piccadilly hukesha usiku wa Ijumaa na Jumamosi, hadi Terminali 5. Siku nyingine kuna basi la N9 kutoka katikati ya mji. Jumapili treni huchelewa kuanza, na mara kwa mara kipande cha magharibi hufungwa kwa ajili ya ujenzi wa stesheni mpya ya Old Oak Common. Mwenye ndege ya Jumapili asubuhi aangalie ratiba tangu Ijumaa.

Nirudi Woolwich, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo, na hapo ndipo reli hii ina hadithi ambayo abiria wengi hawaijui. Katika mpango wa awali Woolwich haikuwa na stesheni. Treni ingepita chini yetu, itoke chini ya mto, iendelee hadi Abbey Wood, na sisi tungesikia mtikisiko tu. Mbunge wetu wa wakati huo, Nick Raynsford, alipiga kelele, halmashauri ikapiga kelele, na kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza muswada wa reli hii ikasema stesheni iwepo. Fedha ndiyo ilikuwa kikwazo. Kampuni ya Berkeley, iliyokuwa ikijenga nyumba katika viwanja vya Royal Arsenal, ikaingia mkataba mwaka 2011 kujenga kasha la zege la stesheni, lenye urefu wa mita 276, chini ya majengo yake. Kwa mwenye kujenga nyumba hesabu iko wazi: nyumba iliyo juu ya treni inayofika Canary Wharf kwa dakika nane haiuzwi bei ya nyumba iliyo mbali na treni.

Royal Arsenal ni kiwanda cha silaha cha zamani, ukuta mrefu wa matofali uliofunga ukingo wa mto kwa karne kadhaa. Kiwanda cha serikali kilifungwa 1967. Wapenzi wa mpira watapenda kujua kwamba timu ya Arsenal ilianzia humo, mwaka 1886, wafanyakazi wa karakana ya Dial Square walipounda klabu; bustani iliyo mbele ya stesheni, ambako mama alisimama kutafuta ngazi, inaitwa Dial Arch Square. Mpwa wangu anayeshabikia timu hiyo nilimpeleka pale akapiga picha kumi na mbili.

Kati ya stesheni hiyo na Woolwich ninayoijua mimi kuna barabara pana, Plumstead Road. Upande wa mto kuna minara mipya ya kioo, mikahawa, watu wanaokimbia asubuhi na mbwa wao. Upande wa pili kuna soko la Beresford Square, Powis Street, maduka ya simu, vinyozi, mama zetu wanaouza vitambaa. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Nilipokuwa navuka kila asubuhi kwenda kwenye treni niliona jinsi kodi za pango zilivyoanza kuvuka nami, kinyume chake, kutoka upande wa mto kuja kwetu.

Chumba changu na sebule vilikuwa juu ya duka, karibu na Powis Street. Miezi michache baada ya mama kuondoka, mwenye nyumba aliniandikia kwamba kodi inapanda, na kiasi alichotaja sikuweza kukifikia hata kama ningeacha kula. Nilimpigia simu. Hakuwa mkali. Alisema eneo limebadilika, dalali amemwambia nyumba iliyo mwendo wa dakika tano kutoka reli ya Elizabeth ina bei yake. Nilikaa na simu mkononi. Dakika tano zile nilizifurahia mimi kuliko yeye, maana yeye haishi Woolwich wala hapandi treni. Nilikuwa nimesubiri reli hiyo tangu ilipokuwa ifunguliwe Desemba 2018, nikaisubiri miaka mitatu na nusu ya ziada, na ilipofika ilinihamisha.

Mtu asinielewe vibaya. Sitamani isingejengwa. Iligharimu karibu pauni bilioni 19, na sehemu ya fedha hiyo ilitoka mahali panapostahili: tangu Aprili 2010 majengo makubwa ya biashara kote London hulipa peni 2 za ziada kwa kila pauni ya thamani yake ya kukadiriwa, na wajenzi wa majengo mapya hutozwa pia. Canary Wharf, kampuni yenye mitaa ile ilichangia stesheni yake na kuijenga, na juu yake kuna bustani chini ya paa la mbao ambayo mtu yeyote anaingia bure. Kwa hiyo London ilijua kwamba reli huongeza thamani ya ardhi, na iliweka mkono kuchukua sehemu ya thamani hiyo ijenge reli. Ninachokidai ni kwamba mkono huo huo ungeweza kumshika mpangaji. Tarehe ya treni kufika ilijulikana miaka mingi kabla. Kupanda kwa kodi kulijulikana. Nyumba za kodi nafuu zilizo karibu na stesheni zingehesabiwa kama sehemu ya reli, kama lifti zilivyohesabiwa. Aliyemkumbuka mama yangu kwenye sakafu angetukumbuka na sisi kwenye paa.

Nilihamia Thamesmead mwanzoni mwa 2024. Huu ni mji uliojengwa kwenye kinamasi cha mto, wakazi wake wa kwanza waliingia 1968, na mpaka leo hauna stesheni yake ya reli. Shirika la nyumba la Peabody, lililouchukua 2014, limebomoa majengo marefu ya zege ya Binsey Walk na Coralline Walk na kujenga mapya kando ya ziwa Southmere, kuna maktaba mpya na uwanja mpya, na sababu ya kazi hiyo yote kuanzia upande huo ni kwamba ndio upande ulio karibu na Abbey Wood. Kutoka ziwani unaweza kutembea hadi stesheni. Mimi niko mbali zaidi, kwa hiyo napanda basi la 229 kwanza.

Abbey Wood ndiyo mwisho wa reli, na mwisho wa reli una raha zake: kiti kipo daima. Treni inakuja tupu, unachagua mahali. Ukitoka huku kwenda Heathrow panda behewa lolote ukae. Ukirudi jioni, tegemea watu kujaa Bond Street na Tottenham Court Road. Majukwaa ni marefu hivi kwamba kuchagua behewa sahihi kunakuokolea mwendo mzuri wa miguu.

Wakazi wa huku wanazungumzia upanuzi wa aina mbili. Mmoja ni wa reli hii kuendelea mashariki kutoka Abbey Wood. Ardhi ya njia hadi Gravesend imehifadhiwa tangu 2009 isijengwe kitu cha kuizuia. Wa pili ni DLR kuvuka mto kutoka Gallions Reach na Beckton kuja Thamesmead yenyewe. Mimi natamani huo wa pili, kwa nguvu zangu zote, maana basi la asubuhi hujaa wanafunzi na wauguzi mpaka dereva anapita vituo bila kusimama. Jirani yangu ambaye amekaa hapa tangu utoto alinisikiliza nikisifu mpango huo, kisha akaniuliza kodi yangu ni kiasi gani na mkataba unaisha lini. Nilimjibu. Tukabaki kimya kituoni mpaka basi likaja.

Mama anapanga kuja tena. Safari hii nitampokea, tutapanda treni ile ile, hatutashuka Woolwich bali tutaendelea kituo kimoja zaidi. Kutoka Abbey Wood tutapanda 229, na kwenye basi nitamketisha viti vya mbele, vya wazee, masanduku nitayashika mimi. Nimeshamweleza kwa simu. Aliuliza mambo mawili tu: kama kwenye basi kuna ngazi, na kwa nini nilihama pale penye bustani. La kwanza nilimjibu hapo hapo: sakafu ya basi iko chini, hakuna ngazi.